Barua ya Pensheni Yenye Visanduku Vitatu: Kisa cha Karani wa Forodha Mombasa

Karani huyu ana umri wa miaka 46. Alikuwa ametumikia kampuni moja ya kutoa mizigo bandarini, yenye ofisi Shimanzi, kwa miaka 17 kamili alipopewa notisi ya mwezi mmoja kwamba nafasi yake imefutwa. Kazi ya kampuni za aina hiyo imekuwa ikipungua na kurejea tangu makontena yalipoanza kupelekwa Nairobi kwa reli ya SGR mwaka 2018, kwa hiyo notisi yenyewe haikumshangaza sana. Kilichomtia wasiwasi ni barua ya kurasa tatu kutoka kwa msimamizi wa mfuko wa pensheni wa kampuni, iliyomtaka atie alama kwenye kisanduku kimoja kati ya vitatu: kuchukua fedha anazoruhusiwa kuchukua, kuhamishia fedha zote katika mfuko mwingine, au kuziacha pale pale zilipo hadi umri wa kustaafu. Aliponiletea ile fomu, kisanduku cha kwanza kilikuwa kimeshatiwa alama kwa penseli.

Maelezo yanayoweza kumtambulisha nimeyaondoa, na tarakimu nimezikadiria kwa karibu ili hesabu isomeke bila tabu.

Taarifa yake ya mwanachama ilionyesha shilingi milioni 3. Katika hizo, michango yake pamoja na faida iliyozaliwa ilikuwa milioni 1.2, na fungu la mwajiri pamoja na faida yake lilikuwa milioni 1.8. Kwa kuwa alikuwa anaondoka kazini kabla ya umri wa kustaafu, barua ilimruhusu kuchukua fungu lake lote na nusu ya fungu la mwajiri, yaani milioni 2.1, na laki tisa zilizosalia zingefungiwa hadi atakapostaafu. Akiba yake ya NSSF ilikuwa ndogo mno kuweza kutegemewa, kwani hadi Februari 2023, sheria ya mwaka 2013 ilipoanza kutekelezwa hatimaye, mfanyakazi alikuwa akikatwa shilingi 200 kwa mwezi na mwajiri kuongeza 200 nyingine. Mtu aliyechangia kwa kiwango hicho miaka 15 amekusanya elfu 72 kabla ya faida. Nje ya mifuko hiyo miwili alikuwa na akiba ya laki tatu na themanini katika SACCO, ambako pia alikuwa anadaiwa mkopo wa laki mbili na elfu kumi.

Sababu zake za kutaka kuchukua fedha zilikuwa tatu, na ni afadhali zitazamwe moja moja, kwa sababu kila moja ina uzito wake na haziponywi kwa dawa moja.

Ya kwanza ilikuwa hofu. Aliamini kwamba kampuni ikifungwa, pensheni itazama nayo. Hofu hii imeenea mno Mombasa, na si ya kudharauliwa katika mji ulioona waajiri wakubwa wakiyumba. Hata hivyo, mfuko wa pensheni uliosajiliwa chini ya Sheria ya Mafao ya Kustaafu ya mwaka 1997 si mali ya mwajiri: unashikiliwa na wadhamini, uwekezaji hufanywa na meneja aliyeidhinishwa, na mali yenyewe huhifadhiwa na mtunzaji aliye mbali na meneja huyo, wote wakiwa chini ya usimamizi wa Mamlaka ya Mafao ya Kustaafu, RBA. Mdai wa kampuni hawezi kuja kuzichota. Hatari ya kweli iko mahali pengine, nayo ni michango iliyokatwa kwenye mshahara lakini haikufikishwa kwenye mfuko. Tulipolinganisha hati zake za mshahara na taarifa ya mwanachama, mstari kwa mstari, tuligundua kwamba michango ya miezi minne ya mwisho haikuwamo. Siku hiyo hiyo aliwaandikia wadhamini na kuambatisha nakala za hati za mshahara, kwa sababu dai la namna hiyo ni jepesi kufuatiliwa mtu akiwa bado ana kadi ya kuingilia ofisini kuliko mwaka mmoja baadaye.

Sababu ya pili ilikuwa mahitaji ya nyumbani. Familia yake hutumia kama elfu 65 kwa mwezi, karo ikiwemo, na hakujua atakaa muda gani bila kazi. Hapa ndipo nilipoona kwamba alikuwa ameyachanganya mafungu mawili yasiyofanana. Kifungu cha 40 cha Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 kinampa anayepunguzwa kazini malipo yasiyopungua mshahara wa siku 15 kwa kila mwaka kamili wa utumishi. Mshahara wake ulikuwa elfu 90, hivyo siku 15 ni elfu 45, na kwa miaka 17 ni 765,000. Ukiongeza siku za likizo ambazo hakuwa amezichukua, jumla ilikaribia laki nane kabla ya kodi na laki sita na nusu baada ya kodi. Fedha hizo ndizo zilizowekwa na sheria kumvusha mtu kutoka kazi moja hadi nyingine. Pensheni haikuundwa kwa ajili ya safari hiyo.

Katika laki sita na nusu hizo nilimshauri aanze kwa kuumaliza mkopo wa SACCO. Mkopo ule ulimtoza asilimia moja kwa mwezi kwa deni lililosalia. Hakuna hisa inayoweza kumhakikishia mtu faida kama ile ya kuacha kulipa asilimia 12 kwa mwaka, na juu ya hilo, mtu asiye na mshahara hafai kuwa na makato yanayomngojea kila mwisho wa mwezi huku wadhamini wake wa mkopo wakipigiwa simu. Baada ya mkopo kulipwa zingebaki laki nne na elfu arubaini, ambazo zinatosha matumizi ya miezi sita na ushei. Akiba ya SACCO ingebaki kamili na uanachama wake ungeendelea.

Sababu ya tatu ndiyo iliyokuwa na nguvu kuliko zote: nyumba. Dalali mmoja wa Kisauni alikuwa amempeleka kuona nyumba ya Kiswahili ya vyumba vinane, imepangishwa yote, inauzwa milioni 1.7. Kila chumba hulipa 3,500, kwa hiyo pango la mwezi ni elfu 28 na la mwaka ni 336,000. "Ami, pesa ya mfuko imelala; nyumba hailali," dalali alimwambia, na ukigawanya pango hilo kwa bei unapata karibu asilimia 20, tarakimu ambayo hakuna meneja wa pensheni atakayethubutu kuiahidi.

Tuliifanya hesabu upya. Vyumba havijai mwaka mzima, kwa hiyo tuliondoa sehemu moja ya kumi na kubaki na 302,400. Kodi ya mapato ya pango la makazi, ambayo tangu Januari 2024 ni asilimia 7.5 kwa anayepokea kuanzia 288,000 kwa mwaka, ingechukua 22,680. Marekebisho ya paa, mlango na choo tuliyawekea elfu 40, maji na uzoaji taka elfu 30, na kodi ya ardhi elfu 12. Kilichobaki ni 197,720, karibu asilimia 11.6 ya bei. Si haba hata kidogo, na sikubaliani na washauri wanaosema kwamba nyumba ya kupangisha ni mtego kila mara. Pango hupanda bei za vitu zinapopanda, na mwenye nyumba anayeishi karibu huijua mali yake kuliko mwekezaji yeyote anavyoijua hisa yake.

Lakini turudi kwenye ile kodi ya ardhi ya elfu 12. Nyumba ile ni ya wale waitwao wenye nyumba bila ardhi, mtindo wa zamani wa pwani ambapo kuta na paa ni zako na kiwanja ni cha mtu mwingine, nawe unamlipa mwenye kiwanja kila mwezi. Aliyenunua hapati hati miliki. Anapata karatasi ya mauziano iliyoshuhudiwa na mzee wa mtaa, pengine na wakili. Benki haiikubali kama dhamana ya mkopo. Mwenye ardhi akiamua kuuza kiwanja, thamani ya kile ulichonunua inategemea hisani na maelewano, na mara nyingi mahakama. Wapo waliorithisha nyumba za namna hiyo vizazi vitatu bila neno, na wapo waliovunjiwa. Mtu mwenye nyumba tano za aina hiyo anaweza kuibeba hatari hiyo, lakini mtu anayetaka kuingiza humo karibu fedha zote anazoruhusiwa kuzigusa kwa uzee wake anaweka miaka 17 ya jasho juu ya udongo wa mtu asiyemjua.

Kisha kuna kodi ya kutoa fedha zenyewe, jambo ambalo dalali hakulitaja na ambalo barua ililitaja kwa mstari mmoja katika ukurasa wa tatu. Makadirio ya msimamizi yalikuwa kwamba akichukua milioni 2.1 sasa, zaidi ya laki mbili zingekwenda kwa KRA, mamlaka ya mapato. Tangu tarehe 27 Desemba 2024 sheria imesamehe kodi mafao ya anayestaafu akiwa amefikia umri uliowekwa na kanuni za mfuko wake, ya anayeondoka kabla ya umri huo kwa sababu ya maradhi, na ya anayetoa fedha baada ya miaka 20 tangu asajiliwe kuwa mwanachama. Karani wetu alikuwa na miaka 17 ya uanachama. Kwa maneno mengine, fedha zilezile, akizingoja miaka mitatu zaidi, zingemfikia bila kukatwa. Laki mbili na ushei kwa kungoja miaka mitatu ni mshahara mzuri wa kutofanya lolote.

Kifungu hicho cha miaka 20 ndicho pia kilichonifanya nisikimbilie kisanduku cha pili. Wakala wa bima mmoja alikuwa ameshamletea karatasi za kuhamishia fedha zake katika mpango wa pensheni wa mtu binafsi, na juu kabisa, kwa wino wa rangi, palikuwa na faida ya mwaka uliopita. Sheria inahesabu tangu tarehe ya kusajiliwa katika mfuko, kwa hiyo anayehama akiwa amebakisha miaka mitatu apate kwanza jibu la maandishi kuhusu tarehe itakayohesabiwa, kutoka kwa msimamizi na kutoka KRA. Wakala alisema, "Hiyo haina shida." Neno hilo halikuwamo katika karatasi zake.

La pili kuhusu karatasi zile lilikuwa ada. Zilitajwa katika sehemu nne tofauti: ya meneja, ya usimamizi, ya mtunzaji wa mali, na ya kuingia. Tulizijumlisha zikafika karibu asilimia 2.5 kwa mwaka. Mfuko wa kampuni, kwa mujibu wa hesabu zake zilizokaguliwa, ulikuwa ukitumia kiasi cha asilimia 1, kwa sababu gharama ziligawanywa kwa wanachama wengi. Tuchukulie, kwa mfano tu na si kwa ahadi, kwamba mifuko yote miwili inawekeza vilevile na kupata asilimia 10 kabla ya gharama. Milioni 3 katika miaka 14, hadi atakapofika 60, zitakuwa milioni 10.03 katika mfuko wa asilimia 1, na milioni 8.26 katika ule wa asilimia 2.5. Tofauti ni zaidi ya milioni 1.7, bei ya ile nyumba ya Kisauni, na haina siku ambayo mwanachama ataiona ikitoka mfukoni mwake, kwani hukatwa kidogo kidogo kabla taarifa haijachapishwa.

Hapa niseme kidogo juu ya uwekezaji wa kufuata fahirisi, yaani kipimo cha bei za hisa nyingi kwa pamoja, kwa kuwa karani alikuwa ameusoma na alinitolea hoja kwamba akishachukua fedha zake atazifanyia mwenyewe kazi hiyo. Mwaka 1976 John Bogle wa kampuni ya uwekezaji ya Vanguard, nchini Marekani, alianzisha mfuko wa wananchi wa kawaida ambao haukuchagua hisa nzuri na mbaya bali ulinunua zote zilizomo katika fahirisi ya S&P 500, yaani kampuni kubwa 500 za nchi hiyo. Ulitarajiwa kukusanya dola milioni 150 ukaishia na milioni 11 na kidogo, watu wakaucheka. Mwaka 1991 mwanauchumi William Sharpe aliieleza hoja ya Bogle kwa hesabu ya shule ya msingi: wawekezaji wote wakijumlishwa ndio soko lenyewe, kwa hiyo kabla ya gharama wastani wa wanaochagua hisa hauwezi kulipita soko, na baada ya gharama lazima uwe chini yake.

Hoja hiyo ni sahihi Mombasa kama ilivyo New York. Kinachotofautiana ni soko. Fahirisi ya NASI ya Soko la Hisa la Nairobi hupima kampuni kwa ukubwa wake, na kampuni ya simu ya Safaricom peke yake hubeba sehemu kubwa mno, ikifuatwa na benki chache. Hisa ya Safaricom, iliyouzwa kwa umma shilingi 5 mwaka 2008, ilipita 40 mwaka 2021 na kufikia mwisho wa 2023 ilikuwa chini ya 15. Anayefuata fahirisi ya namna hiyo anadhani ametawanya mali, kumbe ameegemea nguzo moja. Mifuko inayouzwa sokoni kama hisa ni michache: kuna NewGold, iliyoingia Nairobi mwaka 2017 na inayofuata bei ya dhahabu, na mwaka 2025 ulifika ule wa Satrix unaofuata MSCI World, fahirisi ya hisa za kampuni za nchi tajiri duniani. Huu wa pili unafaa kuangaliwa na mtu mwenye fedha za ziada za muda mrefu, mradi akumbuke kwamba thamani yake huathiriwa pia na kupanda na kushuka kwa shilingi.

Jambo la kuazima kutoka kwa Bogle, kwa hiyo, si fahirisi bali tabia: gharama ndogo, mali iliyotawanywa, na mikono kukaa mbali. Mfuko wa pensheni wa kampuni ulikuwa na yote matatu tayari. Kanuni za RBA zinauruhusu kuweka hadi asilimia 90 katika hati za serikali, hadi 70 katika hisa zilizoorodheshwa, hadi 30 katika majengo na ardhi, na hadi 15 nje ya nchi, na mfuko wake ulikuwa na kidogo cha kila kimoja, nyingi zikiwa hatifungani za serikali, yaani mikopo kwa serikali inayolipa riba. Kwa mtu mmoja kuujenga upya mchanganyiko huo kwa mkono wake, baada ya kukatwa kodi, ni kulipa ili apate alichokuwa nacho.

Mke wake ndiye aliyeuliza swali gumu kuliko yote. "Baba watoto, hizo hatifungani si riba?" Ni riba, kwa maana iliyo wazi ya neno hilo, na sikutafuta njia ya kulizunguka. Mimi si mtu wa fatuwa. Nilichoweza kuwaeleza ni hali ilivyo: Kenya ina mifuko ya uwekezaji inayosimamiwa kwa misingi ya sharia, na mwaka 2023 ilitolewa sukuk (hati ya uwekezaji isiyo ya riba) ya Linzi ya shilingi bilioni 3 kwa ajili ya ujenzi wa nyumba, ingawa chaguo bado ni finyu na gharama zake huwa juu kidogo. Fungu lililofungwa hawakuwa na uwezo wa kulitoa leo hata wakitaka. Kwa fungu lililobaki walikwenda kwa sheikh wao, wakarudi na uamuzi ambao ni wao: waliache mpaka miaka 20 itimie, wahesabu ni kiasi gani cha faida kimetokana na riba na kukitoa bila kunuia thawabu, kisha wahamie mfuko wa sharia kwa michango yote mipya. Kwa hesabu kavu uamuzi huo unapunguza kitita. Hilo waliambiwa, wakalikubali.

Je, milioni 10 zitamtosha? Mfumuko wa bei wa asilimia 5 kwa mwaka, ambao ndio katikati ya lengo linalofuatwa na Benki Kuu, hukata thamani ya shilingi kwa nusu hivi katika miaka 14, kwa hiyo milioni 10.03 ni kama milioni 5 za leo. Kanuni ya asilimia 4 iliyoandikwa na William Bengen mwaka 1994, kwamba mstaafu achote asilimia 4 ya akiba yake mwaka wa kwanza kisha aongeze kwa kadiri ya mfumuko wa bei, ilitokana na historia ya masoko ya Marekani na siioni kama hirizi, lakini kwa kukadiria inampa elfu 17 za leo kwa mwezi. Mfuko wake ukiwa wa pensheni, atakapostaafu ataweza kuchukua hadi theluthi moja kwa mkupuo, na zilizobaki atanunulia malipo ya kila mwezi ya maisha au ataziweka katika mpango wa kuchota taratibu, ambao haumruhusu kuchota zaidi ya asilimia 15 kwa mwaka. Elfu 17 si elfu 65. Ndiyo maana nilimsihi kwamba mapato yakirudi, hata kama ni ya kutoa mizigo ya watu mmoja mmoja, aanze kuchangia tena. Shilingi elfu 10 kwa mwezi kwa miaka 13, kwa faida ileile ya asilimia 9 baada ya gharama, ni karibu milioni 2.9. Mchango wa hadi elfu 30 kwa mwezi hauhesabiwi katika mapato yanayotozwa kodi.

Alifuta alama ya penseli na kutia wino kwenye kisanduku cha tatu. Nyumba ya Kisauni ilinunuliwa na mtu mwingine wiki hiyo hiyo, na sina shaka inampa pango lake.

Kabla ya fomu kurudishwa tulifungua ukurasa wa warithi wateule, ambao hakuna aliyeniuliza kuuhusu. Alikuwa ameujaza siku alipoajiriwa: mama yake, ambaye ameshafariki, na ndugu yake wa kiume. Mke na watoto watatu hawakuwamo. Mafao ya pensheni ya aliyefariki si sehemu ya mirathi inayogawanywa na mahakama, iwe ya kadhi au nyingine. Hulipwa na wadhamini wakiongozwa na ukurasa ule. Alijaza mpya, mke na watoto wakaingia, akaomba nakala yenye mhuri wa tarehe ya kupokelewa, na akaandika katika shajara mwezi ambao miaka 20 ya uanachama wake itatimia. Michango ya miezi minne ilikuwa bado haijafika, na barua ya pili kwa wadhamini, nakala kwa RBA, ilikuwa imeshaandikwa.